Kiapo cha Damu na Mtu Anayewindwa

Kuna swali ambalo wazee wetu walilijadili wakiota moto, na leo vijana wanalijadili mbele ya televisheni: mtu akiapa kwa damu, kisha kiapo kile kikamdai aue, je, kinamfunga? Tunaliweka swali hili katika kijitabu cha mila kwa sababu tumelikuta mahali ambapo hatukulitazamia, ndani ya filimu ya mapigano kutoka Marekani. Na tena kwa sababu hapa Goma swali hili halikai ndani ya filimu tu.

Filimu yenyewe ni John Wick: Chapter 2, iliyotoka mwaka 2017. Iliongozwa na Chad Stahelski, na akteri wake ni Keanu Reeves. (Tunasema "akteri" kama vile watoto wetu wanavyosema, maana yake yule ambaye hawezi kufa mpaka mwisho. Mabwana wa lugha watusamehe.) Ni sehemu ya pili, ya kwanza ilitoka mwaka 2014. Filimu za namna hii zinazunguka mjini kwetu kwa flashi na kwa kadi za simu, zinaonyeshwa katika vyumba vya video vya mbao, na nyingine zinatufikia zikiwa agasobanuye, yaani zile za Rwanda ambamo msimulizi anaweka sauti yake juu ya sauti za waigizaji na kuongeza utani wake mwenyewe. Wazazi wengi wanaona ni kelele na risasi, basi. Kusema kweli risasi ziko nyingi. Lakini tukikaa na kutazama vizuri tunaona kwamba kinachosukuma hadithi yote ni jambo la zamani sana, ambalo babu zetu wangelielewa kuliko yule kijana anayehesabu maiti kwenye benchi la mbele.

John alikuwa muuaji wa kulipwa. Alitaka kuacha kazi ile ili akae na mke wake kwa amani, na ili aweze kutoka aliomba msaada kwa Mwitaliano mmoja, Santino D'Antonio. Akampa rehani: medali ndogo ya chuma inayofunguka, na ndani yake alama ya kidole gumba chake kwa damu. Miaka inapita, mke anakufa. Siku moja Santino anabisha mlangoni, anatoa medali ile: nilikusaidia, sasa nilipe. Malipo anayoyataka ni kwamba John amwue Gianna, dada yake Santino, ili Santino akalie kiti chake. John anakataa. Santino anaichoma nyumba yake.

John anakimbilia kwa Winston, mwenye hoteli Continental ya New York ambamo wauaji wote wanalala. Winston anamkumbusha kwamba ulimwengu wao una sheria mbili ambazo hazivunjwi: damu isimwagike ndani ya hoteli, na kila alama ya damu ilipwe. Hakuna njia nyingine. John anaenda Roma. Gianna anamwona, anaelewa, anajikata mishipa ya mikono kwa mkono wake mwenyewe. Na bado John anampiga risasi, ili deni lihesabike kuwa limelipwa naye. Hapo Santino anajifanya kaka mwenye uchungu, anatangaza dola milioni 7 kwa yeyote atakayemwua aliyemwua dada yake. Kuanzia hapo mji mzima unamwinda mtu mmoja.

Tumewasikia vijana wakibishana juu ya sehemu hii. Wengine wanasema: "Hakuna vile angefanya. Aliapa. Deni ni deni." Wengine wanasema angemwua Santino palepale mlangoni, mambo yakaisha. Hakuna hata mmoja tuliyemsikia akiuliza kama kiapo kile kilikuwa kiapo. Sisi ndipo tunapotaka kuanzia.

Karibu kila kabila la hapa kwetu, na la majirani wetu, limejua undugu wa damu. Waswahili wa pwani na wa misafara waliuita kuchanjiana. Katika Kinyarwanda, ambacho wengi wetu wa Goma, Rutshuru na Masisi tunakisikia kila siku, wanasema kunywana, yaani kunyweana. Walionywana ni abanywanyi, na kile kinachowafunga kinaitwa igihango. Ngozi ilichanjwa kidogo karibu na kitovu, damu ikachukuliwa, na kila mmoja akanywa ya mwenzake. Wazande wa Uele, kaskazini mwa nchi yetu, walikuwa na desturi ya namna hiyo, na Mwingereza Evans-Pritchard aliandika juu yake mwaka 1933. Kule maneno hayasemwi kwa mtu, yanasemwa kwa damu yenyewe, kwa kuwa ndiyo itakayokaa tumboni mwa mwenzako na kumchunga.

Tuangalie jambo moja ambalo mtu anaweza kulipita haraka. Katika mila hizi zote damu inaenda pande mbili. Yako ndani yangu, yangu ndani yako. Anayemsaliti mwenzake anauawa na kile alichokimeza, na hii ni kweli kwa wote wawili, kwa tajiri na kwa maskini, kwa aliyeomba msaada na kwa aliyeutoa. Hakuna anayetembea na mwenzake mfukoni. Na kitu cha kwanza ambacho damu ile inakataza ni kudhuriana. Kusaidiana kunafuata nyuma: kupewa chakula safarini, kulazwa, kutetewa, kuazimwa ng'ombe, kupewa mke. Msingi ni kwamba sisi wawili hatuuani, wala hatuuani kwa mkono wa mwingine.

Sasa turudi kwenye medali ya Santino. Damu iliyo ndani yake ni ya mtu mmoja. Santino hakutoa hata tone. Hakunywa kitu, hakuapa kitu, na igihango hakina pa kumshika. Yeye anashika, mwingine anashikwa. Kwa jicho la mila yetu kile ni hati ya deni iliyopakwa damu ili itishe, na anayeichoma nyumba ya mwenzake angekuwa amekwisha kuvunja undugu kabla ya kudai chochote. Watengenezaji wa filimu walichukua sura ya kitu cha zamani na kutia ndani yake biashara. Hatuwalaumu, ndivyo ulimwengu wanaouonyesha ulivyo, kila kitu kule kinalipiwa kwa sarafu za dhahabu, hata kuondolewa kwa maiti.

Lakini tusiseme haraka kwamba ni mambo ya Hollywood. Kugeuzwa kwa damu kuwa hati kulitokea hapa, katika bara letu na katika nchi yetu, na yako kwenye vitabu. Mwezi wa Aprili 1876 Henry Morton Stanley alichanjiana na Mirambo, mtemi mkubwa wa Unyamwezi. Manwa Sera, mkubwa wa wapagazi wa Stanley, alimchanja kila mmoja mguu wa kulia, akachanganya damu, akatamka laana juu ya atakayeuvunja undugu ule. Miaka michache baadaye Stanley huyohuyo akawa mtumishi wa mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, akapanda mto Kongo, na kwenye ziwa la Malebo akawa ndugu wa damu wa Ngaliema, mkubwa wa pale ambapo leo ni Kinshasa. Alichanjwa mara nyingi hata mikono yake ikabaki na alama. Nyuma ya chanjo zikaja karatasi. Wakubwa wa vijiji walitia alama ya msalaba chini ya maneno ambayo hawakuweza kuyasoma, mamia ya mikataba ikakusanywa, na wakati mataifa yalipokutana Berlin mwaka 1884 na 1885 karatasi zile zilitumika kuonyesha kwamba nchi imetolewa na wenyewe. Ngaliema alidhani ana ndugu. Mwenzake alikuwa na hati. Tunapomwona Santino akitoa medali yake mlangoni pa mtu, sisi Wakongo tunapaswa kuwa wa kwanza kuijua sura ile.

Liko tukio jingine katika filimu ambalo lilitusumbua zaidi kuliko mauaji. Baada ya kifo cha Gianna, mlinzi wake, Cassian, anapigana na John mitaani Roma mpaka wanavunja kioo na kuangukia ndani ya hoteli ya Continental ya kule. Sheria ni sheria: wanaacha kupigana, wanakaa baa, kila mmoja anaagiza kinywaji chake. Cassian anamwahidi John kwamba atamwua. Wanaongea kwa adabu, kama wafanyakazi wa ofisi moja. Watazamaji wengi wanalipenda tukio hili, wanasema hawa ni wanaume. Kwetu sisi kunywa na mtu unayekusudia kumwua ni jambo baya kuliko kumwua. Kibuyu cha kasiksi kikiwekwa katikati na watu wakavuta kwa mirija, kila aliyevuta ameweka roho yake hapo. Ndiyo sababu mwenye nyumba anaonja kwanza. Mwenye kisasi hakai. Anabaki amesimama nje ya lupango, na kila mtu anajua kwa nini amesimama. Adabu ya Continental inamwezesha muuaji apumzike ili kesho aue vizuri. Adabu ya kibuyu inamlazimisha achague sasa hivi, anywe ama aondoke.

Tusijidanganye, lakini. Wako wanaoandika juu ya mila kana kwamba babu zetu walikuwa malaika, na kijitabu hiki hakina haja ya kuongeza mmoja. Undugu wa damu ulitumika pia kwa vita. Mirambo hakuchanjiana na Stanley kwa sababu ya mapenzi. Alitaka rafiki, na rafiki mwenye bunduki. Mtu aliyekuwa na ugomvi aliweza kumwita ndugu yake wa damu aje na mkuki, na kwa njia hiyo ugomvi wa nyumba mbili ukawa wa milima miwili. Je, aliyeitwa aliweza kukataa? Hapa ndipo tunapopaswa kumtazama mtu wa tatu, yule aliyechanja na kutamka laana. Undugu haukufanywa gizani na watu wawili tu. Alikuwepo shahidi, na mara nyingi jamaa za pande zote mbili, na maneno yaliyotamkwa yalisikiwa. Kwa hiyo liliweza kuulizwa baadaye: tulisema nini siku ile? Tulisema umsaidie akivamiwa, ama tulisema umsaidie kuvamia? Mpaka wa kiapo ulikuwa umehifadhiwa nje ya wale wawili.

Katika filimu mtu wa tatu yuko, ni Winston. Ana kitabu kikubwa ambamo alama za damu zinaandikwa, na deni likilipwa anaandika kwamba limelipwa. Swali moja tu haliulizi kamwe: deni hili ni la nini? Anatunza hesabu. Wazee wa baraza wangemwona kama karani aliyeachiwa kiti cha hakimu.

Na sasa tuseme kwa nini tunasumbuka na haya yote.

Hapa kwetu kuna vijana waliochanjwa. Tangu vita vya miaka ya 1990 wengi waliingia katika vikundi, wengine wakiwa kadogo wa miaka kumi na miwili, na vikundi vingi viliwapokea kwa dawa: chale, maji ya kunyunyiziwa, maneno. (Majina ya vikundi hatuyataji, msomaji wetu anayajua, na yanabadilika kila msimu.) Mayi-Mayi wamepata jina lao kwa maji hayo. Serikali imejaribu kuwarudisha nyumbani kwa programu moja baada ya nyingine, CONADER mwaka 2004, P-DDRCS mwaka 2021. Programu hizo zinahesabu bunduki, zinatoa kadi, zinaahidi kazi. Juu ya kiapo hazina la kusema, kwa sababu walioziandika hawaamini kwamba kiapo ni kitu. Kijana anaamini. Amerudisha bunduki lakini maji yako bado mwilini mwake, na wale aliowaacha msituni wanajua hivyo, na wanamtafuta. Mara nyingi wanamwambia kile Santino alichomwambia John: utaachwa, lakini kwanza kuna kazi moja ya mwisho.

Tunajua ndugu wa Kikristo watasema kiapo cha namna ile ni cha shetani, na kwa hiyo hakimfungi mtu, maneno yaishe. Tunawaheshimu, na wengi wetu ni wa kanisa. Ila jibu hilo halimsaidii kijana usiku, maana linamwambia kwamba kile anachokiogopa hakipo. Sisi tungependa kumjibu kutoka ndani ya kiapo chenyewe. Dawa ya Mayi-Mayi, kama wanavyoieleza wenyewe, ilikuwa na makatazo: usiibe, usibake, usile chakula fulani, na risasi itageuka maji. Ilikuwa na masharti kama vile unywaji wa damu ulivyokuwa na masharti. Basi mkubwa aliyempeleka kijana kuchoma nyumba za watu na kuchukua mbuzi wao, ni nani aliyevunja? Kiapo kilivunjwa siku ile na yule aliyekishika. Kijana anapotoroka hakimbii kiapo, kwa kuwa kilikwisha kufa, anakimbia watu.

Muzee mmoja wa chama chetu alitupinga, na kwa nguvu. Alisema: mkimfundisha kila mtu kwamba anaweza kujihukumia mwenyewe siku kiapo chake kilipovunjika, mtaona kesho hakuna neno litakalosimama, si la ndoa, si la deni, si la amani kati ya makabila. Kila mmoja atakuwa na sababu. Hoja hii hatuwezi kuipita. Goma ni mji ambamo maneno mengi yametiwa sahihi na kuvunjwa kabla wino haujakauka, kila mara kwa sababu nzuri. Tunadhani muzee ana haki juu ya jambo moja: kijana asijihukumie peke yake. Ndiyo kazi ya mtu wa tatu. Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 20, iko miji sita ya kukimbilia kwa aliyeua bila kukusudia. Mkimbizi hakuingia tu, alisimama kwenye lango la mji na kuwaeleza wazee kesi yake, nao ndio waliompokea. Lango linakuja kwanza, hifadhi inafuata. Hoteli ya Continental haina lango la namna hiyo. Inampokea kila muuaji mwenye sarafu, na bastola yake inabaki kotini.

Mji wetu umeona hifadhi ya aina nyingine si zamani. Vita vilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, mamia ya askari na polisi walikimbilia kambi za MONUSCO, wengine na familia zao. Waliacha silaha. Tarehe 30 Aprili CICR ilitangaza kwamba imeanza kuwasindikiza kwenda Kinshasa. Msomaji anaweza kuwa na maoni yake juu ya wale askari na juu ya MONUSCO, na tunajua maoni hayo yako makali. Lakini sharti la mlangoni lilikuwa sahihi: silaha inabaki nje. Wale walikuwa na mavazi ya serikali na orodha ya majina, basi kulikuwa na mtu wa kuwahesabu na kuwasindikiza. Kijana aliyetoroka msituni peke yake hana orodha. Lango lake ni la lupango la mtu.

Familia moja tunayoijua ilimpokea kijana kama huyo. Hatutasema ni kartie gani. Alifika usiku kwa mjomba wake, ndugu ya mama, na mjomba hakumfungulia mara moja. Alimwuliza kupitia mabati ana nini mkononi, akamwambia bunduki ile irudi kwanza ilikotoka ama ipelekwe kwa wanaozipokea, kisha aje. Kijana akaondoka; tunaambiwa mama yake alilia mpaka asubuhi akidhani hatarudi. Alirudi siku ya tatu, mikono mitupu. Mjomba akaita wazee watatu, mmoja wao wa kabila jingine, na mbele yao kijana akasema kila kitu, na yale aliyoyafanya kwa mkono wake pia. Hiyo haikuwa rahisi kuisikiliza. Mmoja wa wazee alitoka nje mara mbili. Wakakubaliana kwamba kiapo kilivunjwa na waliomchukua, na kwamba yale ya mkono wake ni deni jingine, ambalo halifutwi na kuvunjika kwa kiapo, na familia itatafuta watu aliowakosea.

Wiki chache baadaye simu ikalia. Mtu wa upande ule alisema: "Huyo alikunywa mayi yetu. Ni mutu wetu." Mjomba alimjibu: "Dokta wenu alimukataza kuiba. Nani aliiba wa kwanza, ni yeye ao ni ninyi?" Simu ikakatika. Imelia tena mara mbili tangu siku hiyo, na mjomba ameijibu mara zote mbili. Ile kazi ya kuwatafuta waliokosewa imefika kwa nyumba mbili. Ya tatu ilihamia kambini na bado hawajajua ni kambi gani.